CHARLES TAYLOR: FUNDI ALIYEIUNDA INJINI YA NDEGE YA KWANZA

Mwanafunzi yeyote akiulizwa ni akina nani walioirusha ndege ya kwanza yenye injini, atajibu upesi kwamba ni ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Lakini akiulizwa ni nani aliyeiunda injini yenyewe, yaelekea darasa zima litanyamaza. Mafundi wa ndege ndio wanaolijua vyema jina lake: Charles Taylor. Maisha ya mzee huyu yafaa yasomwe na wadogo zetu walioko shuleni, hasa wale wanaodhani kwamba spana na tupa ni kazi ya walioshindwa mitihani.

Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei, 1868, katika jimbo la Illinois, akakulia Nebraska. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akawa tarishi katika ofisi ya gazeti. Baadaye alijifunza kazi ya vyuma, na mwaka 1896 akahamia mji wa Dayton, Ohio. Huko alifahamiana na akina Wright, waliokuwa na duka la kuuza na kutengeneza baiskeli. Mwaka 1901 walimwajiri kwa mshahara wa dola 18 kwa juma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kuangalia duka wakati wenyewe wamekwenda Kitty Hawk, North Carolina, kujaribu ndege zao zisizo na injini.

Mwishoni mwa 1902 ndugu hao walihitaji injini. Waliviandikia viwanda mbalimbali wakitaka injini nyepesi yenye nguvu za farasi 8, wasipate hata mmoja wa kuwatengenezea. Ndipo wakaamua kuiunda wenyewe, na kazi ikamwangukia Taylor. Hadi siku hiyo aliwahi kugusa injini ya petroli mara moja tu, alipojaribu kutengeneza ya gari.

Michoro kamili haikuwapo. Walikichora kila kipande kwenye karatasi ya kawaida, naye Taylor akaitundika mbele ya benchi lake na kuifuata. Mashine kubwa alizokuwa nazo ni mbili: ya kukereza vyuma na ya kutoboa. Tazameni jinsi alivyoipata krankishafti, yaani ule mtaimbo unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Alichukua bamba la chuma cha pua lenye uzito wa ratili 100, akachora umbo juu yake, akatoboa matundu yaliyofuatana kando ya mchoro, kisha akabomoa vipande vya ziada kwa nyundo na patasi. Baada ya hapo alilikereza mpaka likabaki na ratili 19. Mwili wa injini ulikuwa wa alumini iliyokalibiwa mjini hapo, ili uzito upungue.

Kwa majuma sita injini ya silinda 4 ilikuwa tayari. Haikuwa na kabureta wala plagi wala pampu ya mafuta. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye tangi kwa mpira, ikageuka mvuke kwa joto la injini. Ilikuwa na uzito wa ratili 180 hivi, na ilitoa nguvu za farasi 12.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka. Mwezi Februari, 1903, wakiwa katika majaribio, petroli iliyovuja iliingia kwenye beringi, zikakwama, na mwili wa injini ukapasuka. Ikabidi ukalibiwe mwingine. Fundi yeyote atatambua kisa hiki: petroli huosha grisi, na chuma kinachosuguana na chuma bila mafuta hakichelewi kuumana. Hata leo, uvujaji mdogo ni kazi ya kufanywa leo, si kesho.

Taylor alibaki Dayton wenzake walipokwenda Kitty Hawk na ndege mpya. Huko injini iliyumba na kuitikisa mitaimbo ya pangaboi mpaka ikang'oka kwenye viungo vyake. Ikarudishwa Dayton, Taylor akaitengeneza. Ilipofika tena, magurudumu yenye meno ya mnyororo yakawa yanalegea kila injini inapowashwa. Wakayashika kwa gundi ya kubandikia matairi ya baiskeli, nayo ikakaza sawasawa. Kisha ukaonekana ufa katika mtaimbo mmoja. Safari hii hawakuuziba. Orville mwenyewe alirudi Dayton ikatengenezwa mitaimbo mipya ya chuma kisicho na uwazi ndani. Tarehe 17 Desemba, 1903, ndege iliruka mara nne. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12, na mara ya mwisho sekunde 59 kwa umbali wa futi 852.

Hapo pana somo la wale wanaofundishwa kushika spana. Nati iliyolegea yaweza kukazwa na kufungiwa isilegee tena. Chuma chenye ufa hakina dawa, hubadilishwa. Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa kipande cha ndege mwenye kuziba ufa huchimba kaburi.

Ukweli huo ulidhihirika tarehe 17 Septemba, 1908, huko Fort Myer, Virginia. Orville alikuwa hewani na ofisa wa jeshi, Luteni Thomas Selfridge. Pangaboi moja ilipasuka, ikatikisika na kugonga waya wa usukani wa nyuma. Ndege ikaanguka. Orville aliumia vibaya, naye Selfridge akafariki, mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Taylor alikuwapo, akawa miongoni mwa waliomtoa Orville chini ya mabaki, kisha akalia machozi.

Mwaka 1911 alimfuata Calbraith Rodgers, aliyevuka Marekani kwa ndege toka New York hadi pwani ya California. Rodgers alianguka mara nyingi njiani, na kila mara mafundi waliiunda ndege upya. Alipofika, vipande vya asili vilivyosalia vilihesabika kwa vidole.

Uzee wa Taylor haukuwa mwema. Akiba yake aliipoteza katika ununuzi wa ardhi California. Miaka ya 1930 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha ndege Los Angeles kwa senti 37 kwa saa, na wenzake hawakujua ni nani. Henry Ford alimtafuta akamwajiri kusaidia kulirejesha duka la akina Wright katika makumbusho yake. Orville alimwachia katika wasia dola 800 kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka 1955 alikutwa katika wodi ya maskini hospitalini. Watu wa kazi ya ndege walipopata habari walichanga fedha, akahamishiwa mahali pazuri zaidi. Alifariki tarehe 30 Januari, 1956, akiwa na umri wa miaka 87, miaka minane kamili tangu siku aliyokufa Orville.

Leo serikali ya Marekani humpa tuzo yenye jina la Taylor fundi wa ndege aliyetumikia kazi hiyo miaka 50. Heshima hiyo ilianzishwa mwenyewe akiwa kaburini kwa miaka mingi.

Ndugu zetu mliotangulia, mlio na vyeo na karakana, mwangalieni fundi wenu angali hai. Mlipeni ipasavyo, na mtajeni kwa jina kazi inaposifiwa. Nanyi vijana, msome sana. Lakini mkiingia karakana mshike tupa bila aibu. Abiria hamwoni fundi, na maisha yake yamo mikononi mwa fundi huyo.