Mzee Kleist Sykes: Askari, Katibu, Mfanyabiashara na Baba



Katika mkutano wetu mkuu uliopita, nafasi ya mwenyekiti iligombewa na watu watatu, ya mweka hazina wawili, na ya katibu hakuna hata mmoja. Kila aliyetajwa alikuwa na sababu yake, mara tasnifu, mara kazi za usiku. Mwishowe nikakubali mimi, na kusema kweli nilikubali kwa kuona aibu ya ule ukimya tu. Siku chache baadaye, nikiwa napanga mafaili, nikamkumbuka katibu mmoja wa Dar es Salaam ya zamani. Naomba niwasimulie habari zake.

Jina lake ni Kleist Sykes. Waliokulia Dar watakuwa wameliona jina hilo kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa Kipata, kule Kariakoo. Wengi wetu tulipita pale tukidhani ni Mzungu fulani aliyeachwa na ukoloni. Kumbe ni Mwafrika mwenzetu, Muislamu, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894.

Tuanzie kwa baba yake. Mwaka 1889 Wajerumani walikuwa wamezidiwa na vita ya Abushiri huko pwani. Hermann von Wissmann akaenda kutafuta askari wa kukodi, Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka Msumbiji. Mmoja wa hao Wazulu alikuwa Sykes Mbuwane. Abushiri alikamatwa, akanyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Miaka mitano baadaye, katika mji ule ule, ndipo akazaliwa Kleist. Yaani tunazungumzia mtoto wa askari aliyekuja kuwapigania wakoloni. Najua wengine hapa mtanuna, na mimi nilinuna nilipoisoma habari hii mara ya kwanza. Lakini mtoto hachagui baba, na mtu hupimwa kwa alichofanya na yale aliyorithi.

Baba yake alifariki Kleist akiwa bado mdogo. Akalelewa na Affande Plantan, Mzulu mwingine wa jeshi lile lile, akakua pamoja na watoto wa nyumba ile: Schneider, Thomas na Ramadhani Mashado. Huyu Mashado ndiye aliyekuja kuwa mhariri wa gazeti la Zuhra. Kleist alipata shule ya Wajerumani, akakijua Kijerumani vizuri pamoja na kazi za ukarani. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914 naye akawa askari wa Mjerumani, katika jeshi la von Lettow-Vorbeck. Vita ile haikuwa mchezo. Ilizunguka nchi nzima, ikavuka hadi Msumbiji, na ikaishia Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Nyuma yake iliacha njaa na maelfu ya wapagazi waliokufa njiani.

Basi fikiria hali yake. Ana miaka ishirini na minne, bwana aliyemtumikia ameshindwa, na lugha aliyojifunza kwa taabu haimfai tena kupata kazi. Nchi sasa ni ya Mwingereza. Wako waliokata tamaa wakabaki kusimulia vita vibarazani. Yeye akajifunza Kiingereza, akaingia kwenye utumishi wa reli akiwa karani.

Mwaka 1924 akafika Dar es Salaam Dk. James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliyekuwa amesoma Marekani na alikuwa akitembelea Afrika Mashariki na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu. Kleist alionana naye. Aggrey akamshauri kwamba Waafrika wa Tanganyika waanzishe chama chao cha kuwaunganisha. Ushauri tunapewa wengi, jamani, na tunaufunga kwenye leso. Kleist aliubeba. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association, rais akiwa Mwalimu Cecil Matola na katibu Kleist Sykes. Pamoja nao walikuwepo watu kama Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi na Rawson Watts. Angalia majina hayo: Waislamu na Wakristo, wa makabila mbalimbali, meza moja. Wengi wao walikuwa watumishi wa serikali ile ile ambayo siku moja chama kingekuja kuidai nchi.

Walijenga ofisi yao kwa kujitolea, pale New Street, mtaa ambao leo ni Lumumba. Mwaka 1933 Kleist akawa pia mmoja wa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama kilichojenga shule ili watoto wa Kiislamu wapate dini na elimu ya kisasa kwa pamoja.

Biashara nayo aliifanya, na akafanikiwa, akawa mmoja wa Waafrika wachache wenye uwezo mjini. Mtu asije akadhani ilikuwa rahisi. Sheria ya kikoloni ilizuia Mwafrika kukopeshwa bidhaa na wenye maduka makubwa bila idhini ya serikali, kwa kisingizio cha kumlinda. Wengine walianza na mkopo, Mwafrika alianza na akiba ya mshahara wake.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Bibi Mruguru binti Mussa, na wanawe Abdulwahid, Ally na Abbas. Aliwasomesha, na akawalea katikati ya shughuli hizo za vyama, wakiona jinsi kikao kinavyoendeshwa. Vita ya pili ilipokuja, Abdulwahid na Ally wakaingia KAR wakapelekwa Burma. Hapo ndipo ninaposimama kila mara ninapoitafakari familia hii. Babu alimpigania Mjerumani dhidi ya Abushiri. Baba alimpigania Mjerumani dhidi ya Mwingereza. Watoto wakampigania Mwingereza dhidi ya Mjapani. Vizazi vitatu, vita vitatu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chao.

Vita vyao wenyewe vilikuja baadaye, tena bila bunduki. Mzee Kleist alifariki mwaka 1949, mwaka ambao Julius Nyerere alikwenda Edinburgh kuanza masomo. Hakuona matunda. Ile jumuiya ilikwishaitwa TAA. Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake na Abdulwahid makamu. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, TAA ikageuka kuwa TANU, na kati ya waasisi kumi na saba walikuwemo Abdulwahid na Ally. Nyumba ilikuwepo, chama kilikuwepo, na watu waliozoea kukaa pamoja walikuwepo.

Sasa swali: haya yote tumeyajuaje? Mzee Kleist aliandika habari za maisha yake mwenyewe, na familia ikazitunza. Mjukuu wake Daisy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akayafanyia kazi maandishi hayo. Makala yake ikatoka mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Ni kazi ya mwanafunzi, kama hizi zetu tunazolalamikia.

Mimi pia nilikuwa na babu aliyekwenda Burma. Alikuwa na sanduku la bati lenye barua, picha na kijitabu chake cha jeshi. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne. Baada ya arobaini wakubwa waliamua chumba kisafishwe, makaratasi yalikuwa yameanza kuliwa na mchwa, na mimi ndiye niliyeyabeba nje na kuyachoma. Sikusoma hata barua moja. Leo sijui alikuwa kikosi gani, wala nani alimwandikia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Utakapokwenda nyumbani likizo, au hata kwa simu, muulize mzee wako mambo mawili matatu na uyaandike, pamoja na tarehe. Na kwa chama chetu: katika mafaili niliyokabidhiwa kuna miaka minne mizima haina muhtasari wa kikao chochote. Mwenye karatasi za miaka hiyo, hata kama zimechanika, aniletee. Nitazipokea.

Wenu katika ujenzi wa chama,
Katibu.