KHABARI ZA SAM LANGFORD, MPIGANA NGUMI

Watu wapendao khabari za wapigana ngumi hawaachi kushindana juu ya nani aliye mkubwa kuliko wote waliopita. Na mashindano hayo hayeshi, kwani wapigana ngumi hawamo katika daraja moja ya uzani. Yuko wa ratli 135, na yuko wa 147, na yuko wa 160, na yuko wa 175, na juu yao yuko mwenye uzani mkubwa usiowekewa mpaka. Mtu wa ratli 135 hapiganishwi na mtu wa ratli 200. Basi itajulikanaje yupi katika wawili hao aliye bora? Ndipo wajuzi wa mchezo huo wakaweka kipimo cha kumtazama kila mtu kwa kadiri ya uzani wake, yaani lau wote wangalikuwa na mwili mmoja, nani angalimshinda mwenzake? Na kipimo hiki ni cha kukisia, kwani neno "lau" halina shahidi.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye haihitajiki "lau" nyingi katika kumpima, kwa kuwa yeye mwenyewe alizipanda daraja hizo moja baada ya moja, akakutana na mabingwa wa kila daraja kwa mwili wake. Mtu huyo ni Sam Langford. Na juu ya hayo yote hakuvikwa taji la ubingwa wa dunia hata siku moja. Kwa hivyo katika maisha yake mna mafunzo kwa kila atakaye kuwapanga watu kwa daraja, katika ngumi na katika mengineyo.

KUZALIWA KWAKE

Langford alizaliwa Weymouth Falls, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Nova Scotia, nchi ya Kanada. Wazee wa watu wa huko walikuwa katika watu weusi waliohama Marekani baada ya vita vya nchi hiyo vya kujitoa katika mamlaka ya Waingereza. Mwaka wa kuzaliwa kwake umekhitalifiwa: wako waandikao 1883, na wako waandikao 1886. Baba yake alikuwa mtu mwenye mkono mkali, na Sam akatoroka nyumbani angali mtoto, akawa akiishi kwa kazi za mikono popote alipozipata, hata akafika Boston katika Marekani, hana fedha wala jamaa.

Huko Boston alimpata Joe Woodman, mtu mwenye nyumba ya mazoezi ya ngumi, naye akampa kazi ya kufagia na kusafisha. Kijana yule mfagiaji alipokuwa akitiwa ulingoni ili wengine wajizoeze kwake, ikaonekana kuwa wao ndio wanaofundishwa naye. Katika mwaka 1902 akaanza kupigana kwa malipo, na Woodman akawa msimamizi wake kwa miaka mingi.

Hakuwa mtu mrefu. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 7 hivi. Walakini mabega yake yalikuwa mapana, na mikono yake ilikuwa mirefu kupita kadiri ya kimo chake, na pigo lake lilikuwa zito kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Magazeti ya zama zile yalimpa lakabu ya kumfananisha na lami kwa weusi wake, na hiyo ni dalili ya namna alivyotazamwa na watu waliokuwa wakilipa fedha zao kwenda kumwona.

KUPANDA KWAKE DARAJA

Mwezi wa Desemba 1903 alikutana na Joe Gans, bingwa wa dunia wa daraja ya wepesi, aliyehesabiwa kuwa fundi kuliko mafundi wote wa wakati wake. Langford akamshinda kwa hukumu ya raundi 15. Lakini alikuwa amezidi uzani wa daraja ile, basi taji likabaki kwa Gans. Na mwenye insafu hafichi kuwa Gans alikuwa amepigana mji mwingine siku moja tu kabla ya hapo.

Septemba 1904 alipambana na Joe Walcott wa Barbados, bingwa wa daraja ya ratli 147, mtu mfupi mwenye nguvu za ajabu. Walipigana raundi 15 mjini Manchester katika jimbo la New Hampshire, na mwamuzi akahukumu kuwa wametoka sare. Wengi waliohudhuria waliona kuwa Langford ndiye mshindi. Lakini kwa sare bingwa habadiliki, na taji likabaki kwa Walcott.

Kisha tarehe 26 Aprili 1906, huko Chelsea katika jimbo la Massachusetts, alisimama mbele ya Jack Johnson. Langford alikuwa na ratli 156 na Johnson ana kiasi cha ratli 185, naye amemzidi kimo kwa inchi nyingi. Johnson akamshinda kwa hukumu ya raundi 15. Baadaye ilienea khabari kuwa Langford alimwangusha Johnson siku ile na kuwa alidhulumiwa ushindi, na Woodman alikuwa katika walioieneza ili kumkuza mtu wake. Walakini walioandika khabari za pambano lile kwa wakati wake walieleza kuwa aliyeangushwa ni Langford, na kuwa Johnson alishinda wazi. Basi khabari haipokewi kwa wingi wa wanaoisimulia, bali kwa ukweli wa aliyeanza kuisimulia. Na Langford hana haja ya uwongo huo, kwani kusimama raundi 15 mbele ya Johnson kwa upungufu wa ratli karibu 30 ni jambo ambalo wakubwa wengi wenye miili mikubwa hawakuliweza.

MLANGO ULIOFUNGWA

Johnson alipata ubingwa wa dunia wa uzani wa juu Desemba 1908 mjini Sydney, naye ni mtu mweusi wa kwanza kuupata. Ilidhaniwa kuwa sasa Langford atafunguliwa mlango, kwa kuwa mwenye funguo ni mweusi mwenzake. Haikuwa hivyo. Johnson aliushika ubingwa mpaka Aprili 1915, wala hakumpa Langford pambano la pili. Katika muda wote huo mweusi mmoja tu ndiye aliyepigania taji lile mbele yake, naye ni Jim Johnson, mjini Paris mwaka 1913. Fedha zilikuwa katika mapambano ya mweusi na mweupe, na hatari ilikuwa kwa Langford. Basi Johnson akachagua fedha na akaikwepa hatari.

Johnson aliposhindwa, mabingwa weupe waliomfuata wakaufunga mlango kwa kufuli ya rangi. Tangu 1915 mpaka 1937, alipofika Joe Louis, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa hata kulipigania taji la uzani wa juu. Na Jack Dempsey, aliyekuwa bingwa tangu 1919 hata 1926, alikiri katika kitabu cha maisha yake kuwa siku za ujana wake alikataa kupigana na Langford kwa kumwogopa.

Walipofungiwa nje, weusi hodari wakabaki kupigana wao kwa wao. Langford alikutana na Joe Jeannette, na Sam McVea, na Harry Wills, na kila mmoja katika hao alipambana naye zaidi ya mara kumi, katika Marekani, na Paris, na Australia. Wills alikuwa na futi 6 na inchi 2, na ni kijana kuliko yeye. Langford alimwangusha asiweze kuinuka mara mbili, katika mwaka 1914 na 1916. Kisha umri ulipomlemea Langford, Wills akamshinda mara nyingi. Hayo nayo yahesabiwe, kwani mizani yenye kutazama ushindi peke yake ina sahani moja.

KUPOTEWA NA MACHO

Katika mwaka 1917 alipigana na Fred Fulton mjini Boston, na katika mapigo ya siku ile jicho lake la kushoto likaharibika. Baadaye la kulia nalo likaanza kuingia ukungu. Lau angalikuwa na mali angaliacha. Lakini alikuwa hana kazi nyingine, basi akaendelea kupigana. Alikuwa akimsogelea mtu mpaka akamgusa, kwani asiyeona hana budi apapase. Katika hali hiyo, mwaka 1922 mjini Atlanta, alimwangusha Tiger Flowers katika raundi ya 2, na huyu Flowers ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa daraja ya ratli 160 katika mwaka 1926. Na katika mwaka 1923 alikwenda Mexico, akatwaa ubingwa wa uzani wa juu wa nchi ile na haoni illa kivuli. Aliacha ngumi mwaka 1926, baada ya mapambano yaliyoandikwa yenye kuzidi 250.

Kisha akasahauliwa. Katika mwaka 1944 mwandishi wa gazeti la New York Herald Tribune, jina lake Al Laney, alitoka kumtafuta. Wengi aliowauliza walimwambia kuwa Langford amekwisha kufa. Akamkuta Harlem, katika chumba kidogo, kipofu, hana kitu, wala hana kinyongo na mtu. Laney aliandika khabari zake, na wasomaji wakachanga fedha, ikapatikana kiasi cha dola 10,000 za kumlisha na kumtunza. Alifariki dunia tarehe 12 Januari 1956, huko Cambridge katika Massachusetts. Mwaka mmoja kabla ya hapo jina lake lilikwisha kuandikwa katika orodha ya heshima ya wapigana ngumi iliyowekwa na gazeti la The Ring.

KATIKA KUMPANGA DARAJA YAKE

Nat Fleischer, mwasisi wa gazeti hilo, alipowapanga wapigana ngumi wa uzani wa juu alimweka Langford wa 7 katika wakubwa wote, juu ya wengi waliovikwa taji, naye ni mtu ambaye kwa kimo chake alistahili daraja za kati. Na katika mwaka 2003 gazeti lile lile lilipowapanga wenye mapigo mazito wa zama zote, wa kwanza alikuwa Joe Louis, na wa pili Langford.

Basi mwenye kutaka kuwapima wapigana ngumi asitosheke na kuhesabu mataji. Taji hutolewa na watu, na watu huweza kumnyima anayelistahiki kwa sababu ya fedha, au khofu, au rangi ya ngozi. Na aulize mambo matatu: mtu huyu alikutana na nani, alikutana nao katika hali gani ya uzani na umri na afya, na ni nani waliokataa kukutana naye. Kwa masuala mawili ya kwanza Langford ana ushindi na ana kushindwa, kama walivyo wanadamu. Ama kwa suala la tatu, wachache mno walio sawa naye, kwani waliomkwepa walikuwa ndio wenye mataji. Na mtu akimkwepa mwenzake hali anayo njia ya kumkabili, huwa amekwisha kumtolea ushahidi.