Frank Hornby, Fundi wa Vigari

Marehemu Frank Hornby alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Alikuwa karani wa mwagizaji nyama, na nyumbani akiwatobolea wanawe vipande vya bati wavifunge kwa skrubu, wajiundie winchi. Mwaka 1901 alipata haki ya uvumbuzi huo, ulioitwa baadaye Meccano. Vigari vyake vya kumimina katika kalibu vilipewa jina la Dinky Toys mwaka 1934. Alifariki 1936.

Leo wakusanyaji hutafuta tofauti ndogo ndogo: rangi, magurudumu, maandishi ya chini. Lakini, msomaji, zinki ya siku zile mara nyingi iliingiwa na madini ya risasi. Vigari vingi, hata vilivyotunzwa kabatini, hupasuka vyenyewe. Jina la fundi lingali hai. Kazi yake yamong'onyoka.