Mganga Aliyebaki Karema

Zahanati za vijijini katika nyanda zetu za kati zinapokosa waganga, swali huwa lile lile: nani atakubali kukaa huko? Swali hilo si geni. Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alilijibu kwa namna yake mwaka 1881, alipofungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta. Vijana Waafrika waliokombolewa utumwani walifundishwa uganga huko, ili warudi Afrika wawe waganga na makatekista pamoja. Mmoja wao alikuwa Adriano Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hata Algeria. Huko Mapadri Weupe walimkomboa mwaka 1876. Baada ya masomo ya Malta alifika Unguja mwaka 1888, akashika njia ya bara. Misafara ya siku zile kwa desturi ilikata Ugogo wetu, nchi iliyoogopwa na wapagazi kwa uhaba wa maji na kwa hongo za watemi. Mwaka 1889 alifika Karema, mwambao wa ziwa Tanganyika, kijana wa miaka 23 hivi.

Hapo alikaa miaka 67. Wajerumani walikuja wakaondoka, vita vikapita, Waingereza wakatawala. Naye alitibu wagonjwa na kufundisha dini. Alimwoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende, na mwana wao Yosefu akapadrishwa.

Watu humsifu kwa uvumilivu, na ni haki yake. Lakini mpango wenyewe nao wastahili kupimwa. Lavigerie aliona vema jambo moja: aliagiza vijana wale wasigeuzwe kuwa Wazungu, bali waishi kama majirani zao, ili wapate kudumu nao. Atiman alidumu. Ila nyumba ya Malta ilifungwa kabla ya karne ile kwisha, imetoa vijana wachache tu, na nyuma yake hakikuja chuo kingine cha kushika kazi ile. Makerere ilianza kufundisha waganga katika miaka ya 1920, Atiman akiwa amekwisha kutibu zaidi ya miaka 30. Dar es Salaam ilipata chuo chake cha uganga mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Je, ni busara kuuegemeza mwambao mzima juu ya moyo mwema wa mtu mmoja? Moyo wa namna hiyo hauamriwi kwa waraka wa serikali, wala wa askofu.

Atiman alifariki mwezi wa Aprili 1956, mwenye miaka 90 hivi. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado miaka saba kufunguliwa.