Maisha ya Marehemu Joseph Murumbi, Mtunza Kumbukumbu

Ni desturi yetu kutenga ukurasa wa taarifa hii kwa ajili ya mtu aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua marehemu Joseph Murumbi. Wengi humtaja kwa sababu alipata kuwa Makamu wa Rais. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa kuwa alikusanya na kuhifadhi maandishi na kazi za mikono ya Waafrika wakati ambapo wachache walizijali.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake, Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laibon aliyeitwa Murumbi. Alipokuwa mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma, akarudi akiwa kijana. Siku zile mshahara na makao vilifuata rangi ya mtu, na jina la baba lingeweza kumpandisha daraja. Hata hivyo akashika jina la ukoo wa mama yake, akajihesabu kuwa Mwafrika.

Alifanya kazi ya ukarani, kama wengi wetu, akakaa Somalia miaka kadhaa. Aliporudi alijiunga na chama cha KAU, na viongozi walipokamatwa Oktoba 1952 yeye alishika ukatibu na kusaidia kutafuta mawakili wa kesi ya Kapenguria. Mwaka 1953 aliondoka nchini, na hakurudi mpaka 1962. Katika miaka aliyokaa London alimwoa Bibi Sheila, mkutubi kwa kazi yake, ambaye alikuwa mwenzi wake pia katika kupenda vitabu.

Alipata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 Makamu wa Rais, lakini cheo hicho alikaa nacho miezi michache tu, akajiuzulu. Mwaka uliotangulia, tarehe 24 Februari 1965, rafiki yake mpenzi Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi nyumbani kwake, hapa Westlands.

Baada ya kuacha siasa aliongeza bidii katika kukusanya. Alikuwa na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, mbali na barua, stampu, vinyago, nguo na mapambo. Pamoja na mkewe na Alan Donovan, Mmarekani, alianzisha duka la African Heritage katikati ya mji, na mafundi wengi wa Afrika wakapata soko la kazi zao.

Watu wa ng'ambo walitaka kununua hazina hiyo, naye akakataa. Aliiuzia Serikali ya Kenya kwa bei ndogo kuliko thamani yake, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini kwamba nyumba ile itakuwa mahali pa wanafunzi kuchunguza mambo ya Afrika. Haikuwa hivyo. Nyumba iliachwa bila matunzo, hatimaye ikabomolewa. Vitabu na vinyago vilisalimika, navyo viko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa la Benki ya India, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Wanachama wetu wa Kangemi na Kawangware hulipita jengo hilo kila jioni wakienda kutafuta gari. Tunawasihi waingie walau mara moja.

Alifariki tarehe 22 Juni 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka. Mkewe naye amelala hapo.

Wazee wetu, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu cha kwanza cha mikutano ya chama chetu hakionekani, na waasisi waliobaki ni wachache. Tena nyumba ya Muthaiga inatuonya kwamba kukabidhi kitu si mwisho wa kukitunza. Kwa hiyo tunaomba kila mwenye barua, stakabadhi au picha ya zamani ailete kwa katibu. Itaandikwa katika daftari mbele yake, itanakiliwa, kisha atarudishiwa mwenyewe. Na kila mwaka daftari hilo litasomwa mbele ya mkutano mkuu, ili sote tujue kilichopo na kilichopotea.