Mbaraka Mwinshehe: Gwiji wa gitaa aliyepoteza damu ugenini

KATIKA miaka ya 1960, mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru, uligawanyika kwa ushabiki wa bendi mbili: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, iliyoasisiwa mwaka 1944.

Mwaka huohuo, Juni 27, alizaliwa huko Mzenga, Kisarawe, mkoani Pwani, mtu aliyekuja kuipatia Morogoro Jazz sifa kubwa kuliko zote. Huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Mbaraka alijiunga na bendi hiyo mwaka 1965, mwaka ambao Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya gari. Juma Kilaza alishika uongozi wa Cuban Marimba na ushindani ukaendelea, huku gitaa la Mbaraka na sauti yake vikizidi kupata wapenzi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano. Santuri zake, ukiwamo wimbo wa Shida, ziliuzwa sana Kenya. Mpaka wa nchi hizo mbili ulifungwa Februari 1977, mwaka uliovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mashabiki wake wa ng'ambo ya mpaka hawakumsahau.

Ni huko Kenya alikokutwa na mauti. Januari 12, 1979, usiku, gari alilokuwamo lilipata ajali Kikambala, kaskazini mwa Mombasa. Alikimbizwa hospitalini Mombasa, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 34. Simulizi za kifo chake zinakubaliana katika jambo moja: alipoteza damu nyingi mno.

Jambo hilo lina uzito wake katika utabibu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza zaidi ya lita 2 kwa muda mfupi, shinikizo la damu huporomoka na maisha huwa hatarini.

Hatua ya awali ni kumtundikia mgonjwa dripu ya maji ya chumvi au ya Ringer. Maji hayo hujaza mishipa na kumpa mpasuaji muda wa kuziba panapovuja. Hata hivyo, hayabebi oksijeni. Yakizidi, huizimua damu kiasi cha kushindwa kuganda, na yakiwa ya baridi huupoza mwili, hali ambayo huongeza kuvuja. Ndiyo maana aliyevuja sana hawezi kuokolewa kwa maji peke yake. Anahitaji damu ya binadamu mwenzake, iliyopimwa na kulingana na kundi lake.

Zama hizo hospitali nyingi za Afrika Mashariki zilitegemea damu ya ndugu wa mgonjwa. Kwa majeruhi aliye safarini, mbali na jamaa zake, utaratibu huo ulikuwa mgumu. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, miaka 25 baada ya kifo cha Mbaraka, ili damu ya wanaojitolea iwepo kabla ya ajali kutokea.

Nyimbo za Mbaraka zingali zinasikika redioni. Kwa wanaomkumbuka, kujitolea chupa moja ya damu ni namna njema ya kumuenzi.