Robert Koch: Bingwa wa tiba aliyejaribu aseniki Sese

JENGO la zamani la Hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, leo ni makao ya taasisi ya saratani ambayo kwa miaka mingi imepokea wagonjwa hata kutoka vijiji vya mbali kama Mahongole, karibu na Makambako. Miongoni mwa waliowahi kufanya utafiti hapo ni Robert Koch.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, Desemba 11, 1843. Mwaka 1882 alitangaza mjini Berlin kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria. Aliporejea mwaka 1905, alithibitisha kuwa papasi hueneza homa inayopoa na kurudi.

Mtihani mgumu zaidi ulimkuta mwaka 1906 katika visiwa vya Sese, Uganda. Wakati huo malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa ukiteketeza wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Koch alikwenda na atoksili, dawa yenye aseniki, sumu ambayo kwa tabia ni nusu metali.

Alianza kwa kudunga nusu gramu. Vimelea vilitoweka katika damu, na wagonjwa waliokuwa hawajiwezi wakaanza kuinuka. Habari zilienea, watu wakamiminika kambini.

Hata hivyo, vimelea vilirudi. Koch akaongeza kipimo hadi gramu moja, na hapo balaa likazuka. Wagonjwa 22 walipofuka, kwani aseniki ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu ya macho yao. Koch alikiacha kipimo hicho, lakini aliondoka mwaka 1907 akiwa bado anaitetea dawa yenyewe. Alifariki dunia Mei 27, 1910, akiwa na sifa kubwa, ilhali vipofu wa Sese hawakubakiza jina lolote katika historia.

Aseniki haikuishia hapo. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha aina yake nyingine kutibu saratani moja ya damu. Kabla yake, mwaka 1978, iliidhinishwa sisplatini, dawa itokanayo na metali ya platini, ambayo hutolewa pamoja na mionzi kwa wenye saratani ya shingo ya kizazi.

Dawa hizo nazo zina makali. Sisplatini huweza kudhuru figo na masikio, ndiyo maana mgonjwa hupimwa figo kwanza, huongezewa maji mwilini, na kipimo chake hukadiriwa kwa uangalifu. Tofauti kati ya tiba na sumu imo katika kipimo. Sese, tofauti hiyo ilijulikana baada ya watu 22 kupoteza macho.